Kifuniko Kisicho na Kiungo

Tabitha Rusk hakupiga hodi. Aliingia jikoni na theluji miguuni, shali imemporomoka bega moja, akasema mkaguzi wa misonobari ya mfalme ameshafika kijiji cha chini na huko anang'oa mbao za sakafu za watu.

Hepzibah Colcord alikuwa anakanda unga. Akauliza anang'oa kwa nani.

"Kwa mjane Pettingill. Kamwinua bibi wa watu kitandani na kikohozi chake, eti apime mbao za chini ya kitanda. Ana rula ya chuma, mwenzangu, yule mtu halali na mkewe, analala na rula." Tabitha akashusha sauti, ingawa humo jikoni walikuwa wawili tu na paka. "Kesho yuko huku kwetu. Sasa wewe, lile jeneza?"

 Hepzibah alitupa jicho dirishani, upande wa banda, mikono ikiwa bado ndani ya unga.

Lile jeneza lilikuwa bandani, na ndani yake alilala mama mkwe wake, Mama Dorcas, siku ya kumi na sita tangu afe. Hilo halikuwa la ajabu. Mwezi wa Februari ardhi ya Hollin Ford haichimbiki, sururu inadunda na kurudi, kwa hiyo anayekufa wakati wa baridi humngojea mchimba kaburi bandani mpaka barafu iyeyuke. Jambo la ajabu, na la hatari, lilikuwa kifuniko. Kilikuwa ubao mmoja mzima wa msonobari mweupe, hauna kiungo, upana wake inchi ishirini na mbili.

Mtoto yeyote wa Hollin Ford angekuambia ubaya uko wapi. Msonobari mweupe ukishanenepa kufika futi moja si wako tena. Hata uwe umeota mlangoni pako, hata uwe ndio unaokuangushia matawi juu ya paa, ni mali ya mfalme aliyeko London, ng'ambo ya bahari, wa kuchongea milingoti ya manowari zake. Watu wake hupita na shoka wakaupiga alama tatu mfano wa mshale, basi, wewe utautazama mpaka uzeeke. Ndiyo maana pale kijijini hapakuwa na nyumba yenye ubao uliofika inchi kumi na mbili. Watu walikata miti kwa kujificha, wakaipasua vipande vya inchi kumi na moja, na mkaguzi akija anajua kabisa kuwa anafanywa mjinga, lakini hana la kushika.

Jotham, mume wa Hepzibah, alikuwa ameishi hivyo hivyo miaka yote, kwa inchi kumi na moja. Kilichomshinda ni mama yake. Bibi kizee yule alipoanza kuumwa, aliomba jambo moja tu. Mumewe alizikwa chini ya kifuniko cha mbao mbili, na donge la kwanza la udongo lilipoanguka, yeye akiwa amesimama pale pale, alisikia kiungo kikiachia na udongo ukimwagika ndani. Miaka thelathini hakuacha kuusikia udongo ule. "Usinifunike kwa vipande, Jotham," alisema, na Jotham akaapa. Kisha akauangusha msonobari mkubwa nyuma ya banda la nguruwe, wenye mshale wa mfalme ubavuni.

Tabitha alipokwenda zake, Hepzibah alijaribu kuendelea na mkate akashindwa. Haikuwa nyumba aliyokuwa akiiwaza, wala faini. Silas Pettingill alikuwa na magogo manne tu chini ya nyasi. Walimpeleka jela ya mjini mwezi wa Oktoba, na kabla ya Krismasi homa ya jela ilikuwa imemmaliza, wakamrudisha amevikwa gunia. Na sasa mkaguzi yule yule yuko chumbani kwa mjane wake, anapima sakafu.

*

Mchana Jotham aliporudi, Hepzibah hakumngoja hata avue buti. Alimwambia akipasue kile kifuniko.

Jotham alikaa, akavuta bakuli la maharage, akala vijiko viwili vitatu kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa polepole.

"Nilimwapia."

"Amekufa, Jotham. Hasikii."

"Mimi nasikia."

Hepzibah alimweleza habari ya mjane Pettingill. Alimkumbusha Silas na gunia lake. Akamwambia, kwa sauti iliyoanza kupanda, kwamba mfalme si mtu mbaya, wabaya ni hawa vibarua wake, na kwamba baba yake mwenyewe, mzee Lovell, alikufa akimpigania mfalme huyo huyo dhidi ya Wafaransa. Mtu akikaa kimya akajishusha kidogo, watapita, kama walivyopita siku zote.

"Baba yako walimpa nini?" Jotham aliuliza.

Walimpa kifungo kimoja cha koti, nacho kililetwa na mtu mwingine. Hepzibah alikuwa nacho ndani ya kijaluba cha sindano. Hakupenda swali lile, na Jotham aliona kuwa hakulipenda, akaacha. Alifuta bakuli kwa mkate, akasema anakwenda kwenye kinu cha mbao cha Shemasi Tuck kumsaidia kuzamisha magogo chini ya barafu kabla mgeni hajafika. Mlangoni akageuka.

"Kile kifuniko usikiguse," alisema. Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliomtisha mkewe zaidi.

*

Alikigusa. Hata sasa ukimuuliza atakuambia alijua tangu Jotham alipofunga mlango kwamba atakigusa, na kwamba alizunguka jikoni robo saa nzima akijidanganya anatafuta kitambaa.

Kifuniko kilikuwa hakijapigiliwa misumari, maana binamu walioko Chester walikuwa hawajaja kumuaga marehemu. Hepzibah alikiburuta akakilaza juu ya vigoda viwili. Mama Dorcas alikuwa amelala chini yake, uso umekauka na baridi, mdogo kuliko alivyokuwa. Hepzibah akavua aproni akamfunika uso. Hakutaka aone.

Alipima kwa uzi, inchi kumi na moja huku, inchi kumi na moja kule, akapiga mstari kwa mkaa, akashika msumeno wa mumewe. Alikuwa binti wa fundi, maana kabla ya vita mzee Lovell alikuwa seremala, na kazi ile aliijua. Katikati ya ubao palikuwa na fundo jekundu, kubwa kama tufaha, na msumeno ulipolifikia ulilia kwa sauti iliyomfanya asimame na kutazama barabarani. Hapakuwa na mtu. Harufu ya msonobari ilijaa bandani, nzuri, kama ya nyumba mpya.

"Nisamehe, mama," alisema. "Afadhali udongo ukuingie wewe kuliko jela imle yeye."

Alikata mpaka mwisho. Akavirudisha vipande juu ya jeneza kimoja kando ya kingine, akavipaka majivu na vumbi ukingoni vionekane vya zamani. Unga wa mbao akaufagia wote, akauchoma motoni. Alipomaliza alikaa juu ya ndoo akajisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi yaahirishwe. Mambo yamekwisha, alijiambia. Aje sasa na rula yake.

Jotham alirudi jioni, suruali imeganda barafu mpaka magotini, akaingia bandani kumpa farasi nyasi. Hepzibah alimfuata akasimama mlangoni. Hakuhitaji kueleza. Jotham aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakipitisha mpaka kidole kikazama kwenye kiungo, akaacha kidole pale.

"Kazi yako?"

"Yangu."

Jotham alikipitisha kidole mpaka mwisho wa kiungo. "Umepasua vizuri," alisema. "Umenyoosha." Kisha akachukua ndoo akampita bila kumgusa, na usiku kucha walilala kila mtu ameutazama ukuta wake.

*

Mkaguzi aliitwa Bwana Wragg. Hakuwa na pembe. Alikuwa mtu mwembamba, mafua yamemshika, mstaarabu, alifuta viatu kabla ya kuingia, akashukuru alipopewa kiti karibu na moto. Vijana wawili aliokuja nao walibaki wima. Alipima sakafu, akapima meza, akapima mlango, akafungua mbao za kabati la vyombo na kuzirudisha mahali pake. Kila alipopima alimpa Hepzibah ncha ya rula amshikie, kama vile mwenye nyumba ni mtumishi wake, na Hepzibah aliishika, na kila mara akasema "ndiyo, bwana," ingawa hakuulizwa kitu.

Bandani Bwana Wragg aliona jeneza akavua kofia. Akauliza ni nani.

"Mama yangu," alisema Jotham.

Akasema pole. Akavaa kofia. Akatoa rula.

Ubao wa kwanza, inchi kumi na moja. Wa pili, inchi kumi na moja. Hepzibah alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi, ikatoka na moshi katika baridi. Bwana Wragg alikuwa ameshaanza kuikunja rula yake. Ndipo akainama apenge kamasi, na alipoinuka macho yakaangukia lile fundo jekundu.

Lilikuwa nusu huku, nusu kule. Alichomoa glavu akasugua yale majivu kwa kidole gumba. Kisha akavisogeza vipande viwili kwa vidole vyake, taratibu, mpaka vikabanana, na fundo likawa zima, na mistari ya mti ikavuka kutoka ubao huu kwenda ule bila kukosea hata mmoja. Hepzibah aliyeukata ubao ule kwa mikono yake ndiye aliyekuwa hajaliona hilo. Alikuwa akiogopa upana. Hakufikiria hata kidogo kwamba mti unaweza kusema.

"Ishirini na mbili," Bwana Wragg alisema.

 Akamgeukia Jotham, akamweleza, kama mwalimu anayemsikitikia mwanafunzi, kwamba kukata mti wa mfalme ni kosa la faini, na faini mtu hulipa akaendelea na maisha yake. Lakini kupasua na kupaka majivu ili kuficha, hilo ni jambo jingine. Hilo ni jela.

"Ni mimi," Hepzibah alisema. Akasogea mbele ya mumewe. "Nimepasua mimi, bwana. Yeye hakuwepo. Alinikataza."

Kijana mmoja alicheka. Bwana Wragg hakucheka, alitazama ukingo wa ubao ulivyonyooka, akatikisa kichwa. "Unampenda mumeo, mama. Ni vizuri. Lakini huu ni mkono wa fundi."

Akamwashiria kijana, naye akatoa nyundo yenye mshale wa mfalme kwenye uso wake wa chuma. Hakutoa kwanza zile mbao. Alipiga pale pale juu ya jeneza, mara moja ubao huu, mara moja ule, na kila pigo jeneza liliruka na aliyemo ndani akaruka pamoja nalo. Walisikia. Jotham alipiga hatua moja mbele na Hepzibah akamng'ang'ania mkono kwa nguvu zake zote, akimwambia chini chini aache, aache, kwa jina la Mungu aache.

Mbao zikabebwa nje kwenye kigari cha kukokota juu ya theluji. Mama Dorcas akabaki wazi, aproni ya mkwewe usoni.

"Sasa atakaa hivyo?" Hepzibah aliuliza.

"Mtapata mbao za halali," alisema Bwana Wragg. "Mti wa hemlock upo tele, na huo mfalme hautaki." Alikuwa anaandika. Hati ya kumkamata Jotham, alieleza, ingetiwa sahihi na hakimu jioni ile; yeye analala kwenye nyumba ya wageni pale njia panda, na kesho asubuhi atapita kumchukua. Alimshauri Jotham avae soksi nzito.

Hepzibah alimfuata mpaka kwenye farasi wake. Hakujua anataka kusema nini mpaka alipokuwa anasema. "Shamba hili baba mkwe alilinunua. Tuna karatasi. Sasa mti ukawaje wa mfalme? Nani alikubali?"

"Bunge lilikubali, mama."

"Bunge letu?"

"La London."

"Kuna mtu wetu mle? Hata mmoja?"

Bwana Wragg alimtazama kwa mshangao, si kwa ukali. Ilikuwa dhahiri hajawahi kuulizwa na mwanamke mwenye unga mikononi. "Hakuna haja," alisema, akapanda farasi.

*

Usiku ule Hepzibah alimfunika mama mkwe wake kwa blanketi la viraka la kitanda chao, akalikunja vizuri pembeni kama mtu anavyomfunika mtoto. Halafu akafunga furushi la jela: soksi tatu, shati, mkate wote, kipande cha nyama ya nguruwe. Jotham alimtazama akifunga. Hakumlaumu. Angemlaumu ingekuwa nafuu. Alimwonyesha tu nguruwe yupi achinjwe kwanza na nani wa kumwomba amlimie majira ya kuchipua, na akasema yale ya majira ya kuchipua kana kwamba yeye hatakuwepo.

Kulipoanza kupambazuka walikuja wanaume, labda kumi na wawili. Walipitia mlango wa nyuma. Nyuso zao zilikuwa nyeusi kwa masizi, na kila mmoja ana fimbo ya msonobari mbichi, na Hepzibah aliwatambua wote kwa mabuti yao. Wa mbele alikuwa Shemasi Asahel Tuck, ambaye kila Jumapili kwa miaka ishirini aliongoza kanisa zima kumwombea mfalme afya njema.

Hawakukaa. Shemasi alisema wanakwenda njia panda. Watamtoa yule bwana kitandani, watampa fimbo moja kwa kila mti aliowanyang'anya, watachana hati yake, watampandisha farasi, na wakija wakubwa wake kuuliza, hakuna aliyeona uso wa mtu. Mjane Pettingill ndiye aliyewagawia masizi. "Njoo, Jotham," alisema. "Mama yako yuko wazi kule."

Jotham hakuinuka. Wanaume wakamtazama yeye, kisha wakamtazama Hepzibah, maana kijiji kizima kilijua nani katika nyumba ile humwaga maji kila moto unapowaka. Jotham naye akamtazama. Alikuwa anamngojea aseme hapana, na pengine alikuwa anataka aseme.

Hepzibah alifikiri juu ya kamba ya mnyongaji. Kumpiga mtu wa mfalme si faini, wala si jela, ni kamba, na kamba haina Krismasi ya kungojea. Akamfikiria Silas ndani ya gunia. Akafikiri juu ya lile jeneza lilivyoruka. Hofu haikumtoka. Ila aliona kwamba ameitii kwa uaminifu siku zote, ameisikiliza kuliko alivyomsikiliza mumewe, na ndiyo hiyo hiyo iliyomshika mkono akachukua msumeno, akamkatia Jotham njia ya jela kwa mstari ulionyooka.

Alienda kwenye bomba la moshi, akaingiza mikono yote miwili ndani, akakwangua. Akarudi akasimama mbele ya mumewe.

"Inua uso."

Jotham akainua. Hepzibah akampaka paji la uso, mashavu, pua, kidevu chenye ndevu za siku mbili. Vidole vilikuwa vinacheza, hivyo masizi yalikaa kwa michirizi.

"Unatetemeka," Jotham alisema.

"Natetemeka. Tulia." Akampaka nyuma ya masikio, ambako mtu husahau. "Mbao zangu mrudi nazo. Zote mbili."

Walipokwisha kuondoka alifungua furushi la jela. Akarudisha soksi mahali pake, akatoa mkate akauweka mezani, akakaa. Hakuweza kuomba. Kila alipoanza sala ilifika mahali pa mfalme ikakwama. Mwanga uliongezeka dirishani. Kwa mbali, upande wa njia panda, alisikia kelele, kisha kicheko cha watu wengi, kisha kwato.

Alitoka mlangoni. Farasi alikuwa anakuja mbio, amenyolewa mkia na manyoya ya shingo, na juu yake Bwana Wragg, bila kofia, bila koti, shati limechanika mgongoni. Barabara hupita hatua kumi tu kutoka mlango wa akina Colcord. Alipofika pale farasi aliteleza kwenye barafu, akasimama kidogo akihema, na Bwana Wragg akageuza uso wake uliovimba akamwona mwanamke aliyesimama kizingitini. Akamtazama usoni. Halafu macho yakashuka mpaka kwenye mikono.

Mikono ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Hepzibah alikuwa amevaa aproni nyingine, na aproni ilikuwa na mfuko mpana wa kutosha kuitia mikono yote miwili. Alijua hakika kwamba mtu huyu atarudi, na safari hiyo hatakuja na vijana wawili na nyundo, atakuja na askari.

Hakuificha.